Nakuru: Ondoa mitaa ya pembezoni, hakuna jiji

Desemba 1, 2021, Rais Uhuru Kenyatta alimkabidhi Gavana Lee Kinyanjui hati iliyoifanya Nakuru kuwa jiji la nne nchini Kenya, baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Tangu siku hiyo, kila mwanasiasa wa Bonde la Ufa la kati ana maelezo yake kuhusu nani alilileta jiji. Wapo wanaomtaja Rais, wapo wanaomtaja gavana, na wapo wanaowasifu maseneta waliopitisha ombi hilo Juni mwaka huo.

Takwimu za sensa zinawataja watu wengine kabisa.

Hesabu ya mwaka 2019 iliipa Nakuru ya mjini wakazi 570,674. Sasa tazama kaunti ndogo mbili ambazo kila mtu huziona kuwa ndizo mji wenyewe. Nakuru Mashariki ilikuwa na watu 193,926 na Nakuru Magharibi 198,661. Jumla yao ni 392,587. Takriban watu 178,000 waliobaki walihesabiwa kuwa wakazi wa mji ilhali wanaishi nje ya kaunti ndogo hizo mbili, kwenye mashamba yaliyokatwa ploti, barabara za vumbi na vituo vya biashara ambavyo miaka thelathini iliyopita vilikuwa mahindi na malisho ya ng'ombe.

Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 ilitaka mji uwe na watu wasiopungua 500,000 kabla ya kuitwa jiji. Mwaka 2019 Bunge liliirekebisha, kiwango kikashushwa hadi 250,000. Kwa kipimo hicho kipya Nakuru ingepita hata bila wakazi hao wa nje. Kwa kipimo cha awali isingefika, ila kwa kuwahesabu hao 178,000.

Kwa hivyo anayetaka kuijua historia ya jiji hili asianzie Barabara ya Kenyatta kwenye mabenki na mahoteli. Aanzie kwenye mitaa ya pembezoni, ya nje na ya ndani ya kaunti ndogo hizo: Lanet, Kiamunyi, Kaptembwo, Rhonda, Mwariki, Free Area na Pipeline. Huko ndiko jiji lilikojengwa, mara nyingi bila idhini ya mtu yeyote.

Stesheni kwenye ardhi ya wengine

Reli ya Uganda ilifika Nakuru mwaka 1900, ikielekea Kisumu ambako ilifika Desemba 1901. Wajenzi wake walipita baina ya volkano ya Menengai upande wa kaskazini na ziwa la magadi upande wa kusini. Ukanda huo mwembamba ndio uliokuwa njia ya pekee iliyofaa, na hadi leo reli, barabara kuu na jiji zima vimebanana humo.

Januari 1904 serikali ya kikoloni iliitangaza Nakuru kuwa mji mdogo. Agosti mwaka huohuo, Olonana, laibon yaani kiongozi wa kiroho wa Wamaasai, na wazee wenzake walitia saini mkataba uliowaondoa Wamaasai katika Bonde la Ufa la kati. Baadhi walipelekwa Laikipia na wengine kusini mwa reli. Mwaka 1911 mkataba mwingine ukawaondoa hata hao wa Laikipia. Matukio hayo mawili ya 1904 husimuliwa mbalimbali, la kwanza kama asili ya mji na la pili kama historia ya Wamaasai, ilhali ni tukio moja. Mji ulipewa mipaka, waliokuwa wakilisha hapo wakaonyeshwa njia.

Wala Wamaasai hawakuwa wa kwanza. Kilomita chache mashariki mwa mji kuna kilima cha Hyrax Hill, ambako Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938 akakuta makaburi na mabaki ya makazi ya watu wa kale. Leo makumbusho hayo yamezungukwa na nyumba za kupangisha. Watu wamekuwa wakifika hapa na kuondolewa au kuhama kwa maelfu ya miaka.

Mji mkuu wa wakulima wazungu

Aliyeipa Nakuru sura yake ya kikoloni ni Lord Delamere, aliyepewa ekari 100,000 kule Njoro. Alijaribu kondoo, wakafa. Alijaribu ngano, ikashikwa na kutu. Hata hivyo hakukata tamaa, na mwaka 1908 alianzisha kinu cha kusaga ngano kilichozaa kampuni ya Unga. Baadaye wakulima wazungu waliunda chama chao cha KFA, makao yake makuu yakawa Nakuru. Katika miaka ya 1920 tawi jipya la reli lilijengwa kutoka Nakuru kuelekea Eldoret, na mwaka 1931 njia hiyo ikafika Kampala. Stesheni ya kando ikawa njiapanda ya Afrika Mashariki.

Mji huo uligawanywa kwa rangi ya ngozi. Wazungu waliishi Milimani, kwenye mteremko wa Menengai, ambako upepo ni safi na ziwa linaonekana lote. Wahindi waliishi karibu na maduka yao. Waafrika walisukumwa Bondeni, chini, wakitembea na kipande, kile kitambulisho cha kazi, shingoni. Mwafrika alihesabiwa kuwa mgeni wa muda mjini. Alitakiwa aje kufanya kazi, na kazi ikiisha arudi kwao.

Tatizo ni kwamba wengi hawakuwa na kwao pa kurudi. Maelfu ya familia, wengi wao Wagikuyu, walikuwa wamehamia mashamba ya wazungu kama maskwota. Waliruhusiwa kulima na kufuga kidogo kwa sharti la kumfanyia mwenye shamba kazi. Sheria ya 1918 iliweka siku 180 kwa mwaka. Mifugo yao ilipoanza kuongezeka, walowezi waliingiwa na hofu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikaja operesheni ambayo maskwota wenyewe waliiita kifagio: ng'ombe na mbuzi wao walifagiliwa kutoka mashambani, wakalazimika kuwauza kwa bei ya kutupa. Kijana aliyelelewa shambani na kuona mali ya babake ikifagiliwa alikuwa na njia mbili, ama kubaki kibarua, ama kushuka mjini Bondeni. Mizizi ya vita vya Mau Mau katika Bonde la Ufa imo humo, na mizizi ya mitaa ya Nakuru pia.

Mwaka 1952, Hali ya Hatari ilipotangazwa nchini, Nakuru ilipandishwa hadhi ya manispaa.

Siku Kenyatta alipowatuliza walowezi

Agosti 12, 1963, miezi minne kabla ya uhuru, Jomo Kenyatta aliingia katika ukumbi wa mji wa Nakuru kuwahutubia wakulima wazungu. Wengi walimjua kama kiongozi waliyetaka afungwe maisha. Aliwaambia kwamba pande zote mbili zimekosana na hazina budi kusameheana, akawaomba wabaki walime. Mwishoni ukumbi uliitikia "Harambee".

Baadhi walibaki. Wengi waliuza. Swali likawa ni nani atakayenunua, na jibu lake ndilo lililoamua umbo la jiji tunaloliona leo.

Serikali ilinunua mashamba kwa mikopo ya Uingereza ikawagawia wakulima wadogo. Mengine yalienda kwa wakubwa. Lakini mengi yaliyozunguka Nakuru yalinunuliwa na kampuni na vyama vya ushirika vya kununua ardhi. Utaratibu ulikuwa hivi. Vibarua, maskwota wa zamani, makarani, wachuuzi wa sokoni na wanawake waliolima kwa vikundi walichanga pesa kidogo kidogo wakapata hisa. Kampuni ikakusanya mtaji, ikamlipa mzungu, kisha ikaligawa shamba kwa wanachama kulingana na hisa zao. Kampuni iliyotajika zaidi Nakuru ilikuwa Ngwataniro-Mutukanio ya Kihika Kimani, aliyeingia Bungeni mwaka 1974 akiungwa mkono na wanachama wake. Kwa wafuasi wake alikuwa mkombozi wa wasio na shamba. Kwa wapinzani wake alikuwa mwanasiasa aliyegeuza njaa ya ardhi kuwa kura. Miaka mingi baadaye, mwaka 2022, bintiye Susan Kihika alichaguliwa gavana wa Nakuru. Historia ya ardhi hapa haijawahi kukaa mbali na kura.

Mwanachama aliyepata ekari mbili Bahati au Rongai hakujua kwamba amenunua kipande cha jiji. Alinunua shamba. Alipanda mahindi na maharagwe, akafuga ng'ombe wawili, akazaa watoto sita. Watoto walipokua, ekari mbili zikawa ndogo. Kipande cha mbele kinachopakana na barabara kikauzwa kwa mwalimu. Cha pili kikanunuliwa na polisi aliyekaribia kustaafu. Akaja fundi, akajenga vyumba kumi vya mabati vya kupangisha. Duka likafunguliwa, kanisa likafuata, kisha kinyozi, kisha kituo cha matatu. Hakuna baraza lililoketi kuamua kwamba hapa pawe mtaa. Siku serikali ilipokuja kupanga barabara, nyumba zilikuwa zimekwisha kupanda juu ya mahali ambapo barabara ingepita.

Ndiyo maana Nakuru ina mitaa ambayo nyumba za ghorofa nne zinatazamana kwenye uchochoro ambao lori la zimamoto haliwezi kuingia. Ndiyo maana pia kuna wakazi waliozeeka wakiwa na cheti cha hisa cha kampuni iliyokwisha kufa, wakingoja hatimiliki ambayo watoto wao nao sasa wanaingoja.

Tarakimu zilifuata mkondo huo. Mwaka 1969 Nakuru ilikuwa na watu wapatao 47,000. Miaka kumi baadaye walikuwa karibu 93,000. Sensa ya 1989 ilikuta takriban 164,000 na ile ya 2009 takriban 308,000. Kila muongo mji ulijaa, ukafurika, ukamwagika mashambani.

Ulilea, ukakuza, ukapoteza

Wanaoiona Nakuru kama mji wa kupitia tu kuelekea Eldoret au Kisumu husahau kwamba biashara kadhaa zilizobadilisha maisha ya Wakenya zilizaliwa hapa. Nakumatt, iliyowahi kuwa supamaketi kubwa kuliko zote nchini, ilianza kama duka la magodoro mjini Nakuru, na jina lake limetokana na hayo. Tuskys na Naivas chimbuko lao ni familia moja ya wafanyabiashara wa Rongai, kituo kidogo magharibi mwa mji. Hebu fikiri: maduka matatu yaliyowafundisha Wakenya kusukuma kitoroli yalitoka kwenye mji mmoja na kitongoji chake. Katika soka, Nakuru All-Stars ndiyo iliyotwaa ubingwa wa kwanza wa ligi ya taifa mwaka 1963.

Viwanda navyo vilikuja. Bodi ya Pareto ilikuwa na makao yake hapa wakati Kenya ilipotoa sehemu kubwa ya pareto ya dunia. Kiwanda cha betri cha Eveready kilifunguliwa mwaka 1967, na mishahara yake ikalipa karo na kodi za nyumba katika mitaa mingi. Pareto ilianguka wakulima walipochoka kungoja malipo. Eveready ilifunga kiwanda chake mwaka 2014 ikilalamikia betri za bei ya chini kutoka nje. Nakumatt na Tuskys nazo zikaporomoka kwa madeni, Naivas ikasalia.

Katika hali hiyo Nakuru ilifanya jambo ambalo miji mingi ya viwanda haikuweza. Iliendelea kukua hata ajira rasmi zilipopungua. Waliobaki bila kazi ya kiwanda waliingia kwenye jua kali, bodaboda, uchuuzi wa mboga, ujenzi na nyumba za kupangisha. Kaptembwo na Rhonda zilijaa watu kwa sababu chumba kilikuwa cha bei nafuu na mjini paliweza kufikiwa kwa miguu.

Jiji la waliofukuzwa

Wengine hawakuja kwa kupenda. Mwaka 1992, wakati siasa za vyama vingi zilipoanza, mapigano ya kikabila yalizuka Molo na Olenguruone, na familia zilizotimuliwa zikashuka Nakuru. Hali ilijirudia Njoro mwaka 1998. Kisha ikaja Januari 2008.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 kuvurugika, zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Bonde la Ufa ndilo lililoumia zaidi. Wiki ya mwisho ya Januari moto ulifika Nakuru mjini, majirani wa miaka mingi wakatazamana kwa mapanga na mishale. Uwanja wa Afraha na uwanja wa maonyesho ya kilimo wa ASK viligeuka kambi za wakimbizi wa ndani.

Serikali ilipozindua mpango wa kuwarudisha watu makwao Mei 2008, kila familia iliahidiwa shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na waliochomewa nyumba shilingi 25,000. Wengi hawakuthubutu kurudi. Baadhi waliunda vikundi, wakaunganisha fedha hizo na kununua vipande vya ardhi, wakapiga mahema kwanza, kisha wakajenga. Eneo la Pipeline, mashariki mwa mji, ni miongoni mwa maeneo waliyokimbilia. Ni utaratibu uleule wa miaka ya 1960, wa wasio na ardhi kuchanga kidogo kidogo, isipokuwa safari hii mtaji ulikuwa fidia ya msiba.

Asilani usiisome historia ya kukua kwa Nakuru bila ukurasa huu. Sehemu ya jiji tunalojivunia imejengwa na watu ambao nchi yao iliwafukuza.

Chifu wa Lanet Umoja

Lanet ilijulikana kwanza kwa jeshi. Januari 1964, wiki sita hivi baada ya uhuru, wanajeshi wa kambi ya Lanet waliasi wakitaka mishahara bora na maafisa Waafrika, na wanajeshi wa Uingereza ndio waliowazima. Baada ya hapo jina la Lanet lilisikika zaidi makadeti walipohitimu mafunzo ya uofisa.

Nusu karne baadaye Lanet ilivuma kwa sababu nyingine. Francis Kariuki, mwalimu aliyekuwa chifu wa Lanet Umoja, alikuta eneo lililojaa haraka kuliko polisi walivyoongezeka. Nyumba zilivunjwa usiku, ng'ombe wakaibwa, na kituo cha polisi kilikuwa mbali. Kuanzia mwaka 2011 alianza kutumia Twitter, akiandika kwa Kiswahili kwa kifupi: nyumba fulani imevamiwa, tokeni nje, kondoo amepotea, aliyemwona aseme. Wasio na simu za intaneti walipokea ujumbe huohuo kama SMS ya kawaida. Wakazi walitoka kwa filimbi na tochi. Habari zake zilienea duniani, waandishi wakafunga safari kuja kumwona.

Wengi walimsifu kwa teknolojia. Lakini kilichofanya mpango wake ufaulu ni kwamba aliwafanya watu waliotoka kaunti mbalimbali, walionunua ploti bila kujuana, wawe majirani. Mtaa wa pembezoni huanza kwa uzio na mbwa mkali. Bila mtu wa kuwakutanisha wakazi, hubaki hivyo. Gharama yake ilionekana Juni 2022, wanawake kadhaa walipouawa nyumbani mwao katika eneo la Mawanga, na jiji zima likalala kwa hofu huku polisi wakiwasaka vijana wa magenge. Mji ulikuwa umepata hati ya jiji miezi sita tu kabla ya hapo.

Volkano juu, ziwa chini

Ardhi yenyewe ina kauli katika kukua kwa Nakuru. Eneo la iliyokuwa manispaa lilikuwa takriban kilomita za mraba 290. Kati ya hizo, 188 ni Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru. Yaani zaidi ya nusu ya mji ilikuwa ya vifaru, nyati na ndege. Kaskazini Menengai imesimama kama ukuta. Mji ukakosa pa kwenda ila mashariki kuelekea Lanet na magharibi kuelekea Njoro na Kiamunyi, sambamba na reli ile ya 1900.

Halafu ziwa nalo likaanza kudai nafasi. Kati ya mwaka 2010 na 2020, Ziwa Nakuru lilipanuka kutoka takriban kilomita za mraba 40 hadi 68. Maji yalimeza lango la mbuga na barabara zake, na familia za Mwariki na Barut zikahamia kwingine. Heroe waliolipa ziwa umaarufu walihamia Ziwa Bogoria na kwingineko, kwa sababu maji mengi yalipunguza chumvi na chakula chao.

Ajabu ni kwamba jiji lililo kando ya maji yanayofurika lina kiu. Maji ya ziwa ni ya magadi, na ya visima vingi vya kuchimba yana madini ya floridi kupita kiasi. Ndiyo yanayowapa watoto wengi wa Nakuru meno ya kahawia, alama ambayo mtu huwa nayo maisha yake yote hata akihamia Mombasa. Bwawa la Itare kule Kuresoi, ambalo lingeleta maji safi, lilizinduliwa mwaka 2017. Mwaka uliofuata mkandarasi wake, kampuni ya Italia, aliingia matatani kifedha, na kazi ikakwama. Hadi leo mama wa Rhonda hununua maji kwa mtungi, na kwa lita hulipa zaidi ya mkazi wa Milimani mwenye mfereji.

Maji taka ni kisa kingine. Wakazi wengi wa Kaptembwo na Rhonda hutumia vyoo vya shimo vinavyoshirikiwa na ploti nzima. Kampuni ya maji ya NAWASSCO imebuni namna ya kukusanya kinyesi hicho na kukitengeneza makaa ya kupikia, yanayouzwa kwa jina la Makaa Dotcom. Ni ubunifu wa kupongezwa, ila hauwezi kuchukua nafasi ya mabomba ya maji taka. Na juu ya mji, kwenye mteremko wa Menengai, jaa la Gioto limeendelea kurundikiwa taka huku familia zikiishi kwa kuzichakura.

Hati ilileta nini?

Hati ya jiji haina fedha ndani yake. Inachofanya ni kuweka bodi ya jiji na meneja, na kuufanya mji uvutie wawekezaji na ufadhili. Mpango wa Benki ya Dunia wa kusaidia miji umegharimia barabara, mitaro ya maji ya mvua na ukarabati wa Uwanja wa Afraha. Bondeni, mtaa ambao wakoloni waliwatengea Waafrika, zimejengwa nyumba 605 za bei nafuu. Hayo ni maendeleo, na asiyeyaona ana chuki tu.

Lakini jiji pia lina tamaa ya kuonekana safi, na tamaa hiyo huwaumiza wanyonge kwanza. Februari 2019, wakati mji ukijiandaa kupanda daraja, watoto wa mitaani wa Nakuru walichukuliwa usiku na kutupwa katika msitu wa Chemasusu, Baringo. Serikali ya kaunti ilishutumiwa, na nchi ikapiga kelele. Wachuuzi nao wamezoea kukimbizana na kanjo, askari wa kaunti, kila wakati mji unapotaka kujipamba. Jiji linalowaficha maskini wake halijawa jiji. Limebaki kuwa ule mji wa kipande, ila kibali cha kuingilia sasa ni pesa mfukoni.

Ushindani nao haulali. Agosti 15, 2024, Rais William Ruto aliipa Eldoret hati ya kuwa jiji la tano. Reli ya kisasa ya SGR iliishia upande wa Naivasha mwaka 2019, haijafika Nakuru. Mji uliozaliwa na reli ya kwanza umeachwa na ya pili, angalau kwa sasa. Nguvu iliyobaki ni watu wake, ambao vijana wao huuita mji Nax kwa mapenzi. Karibu kila kabila la Kenya lina mtaa wa kujitambua humo.

Watu hao wana deni wanalodai. Walinunua ardhi wenyewe, wakachimba visima wenyewe, wakajenga nyumba ambazo serikali ilishindwa kuzijenga, kisha walipohesabiwa wakaifanya Nakuru kuwa jiji. Wanachodai kinajulikana: maji yasiyoharibu meno, mabomba ya maji taka, hatimiliki badala ya vyeti vya hisa, taa za barabarani na kituo cha polisi kilicho karibu.

Sheria iliyolileta jiji imewapa pia njia ya kudai. Inamruhusu mkazi kupeleka hoja na malalamiko yake kwa bodi kupitia kwa meneja, kwa maandishi au kwa mdomo, na inataka kuwe na mikutano ya wananchi kuhusu mipango na bajeti. Mikutano hiyo mara nyingi huhudhuriwa na wachache, tena walewale. Mkazi wa Kiamunyi, Lanet, Free Area au Kaptembwo, tafuta tarehe ya mkutano wa bajeti wa wadi yako, mchukue jirani yako, na mwende mkaseme. Sensa iliwahesabu bila kuwauliza mnataka nini. Bajeti haitawahesabu msipofika.